Nyumba ya Watoro: Uhakiki wa Kumbukumbu za Sayyida Salme

Kitabu cha Sayyida Salme binti Said, kilichotolewa Berlin mwaka 1886 kwa lugha ya Kijerumani na kuitwa kumbukumbu za binti mfalme wa Kiarabu, kina msiba mmoja: sifa zake zimekitangulia. Aghalabu msomaji hukifungua akitafuta mapenzi. Amesikia kuwa binti wa Sultani wa Unguja alipendana na mfanyabiashara wa Kijerumani aliyekuwa jirani yake, kwamba dari za nyumba zao zilikuwa zikitazamana, na kwamba mwaka 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza. Kisa hicho kimo kitabuni, lakini kimo kwa kurasa chache, na kwa sauti ya mtu asemaye huku ameziba nusu ya mdomo. Kilichojaa humo ni kitu kingine kabisa: nyumba, mashamba, vito, nguo, punda, marikebu, mirathi na watumwa. Basi aliyekuja kwa mapenzi huvunjika moyo akakifunga kitabu, akisema ni orodha ya vitu. Na aliyekuja kwa historia huchopoa vipande vyake, akayaacha maandishi yenyewe. Wote wawili hawakukitendea haki. Kitabu hiki ni kazi ya sanaa, na sanaa yake imo mumo humo katika mali.

Yapasa kwanza kumjua mwandishi. Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, nje ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja. Mama yake alikuwa Jilfidan, suria aliyetoka nchi ya Wacherkesi katika milima ya Kaukasi. Baba alifariki baharini mwaka 1856, na mama akafuata mwaka 1859 kwa maradhi ya kipindupindu. Salme alibatizwa Aden mwaka 1867 kwa jina la Emily, na siku hiyohiyo akaolewa na Rudolph Heinrich Ruete, akasafiri naye mpaka Hamburg. Miaka mitatu baadaye mume aligongwa na tramu akafa, akamwacha mjane mwenye watoto watatu wadogo katika nchi ambayo hata lugha yake alikuwa bado akijifunza. Aliyeandika kitabu, basi, hakuwa bibi wa kasri. Alikuwa mwanamke aliyepungukiwa, mwenye kuhesabu kuni za majira ya baridi, na kalamu yake ilikuwa ikikumbuka utajiri kwa ukali ambao mwenye kuwa nao bado hana haja nao.

Ukali huo ndio unaoipa nguvu sehemu ya kwanza ya kitabu. Jumba la Mtoni halielezwi kwa maneno ya jumla, kama wafanyavyo wasafiri waliosema "fahari" na "uzuri" wakapita. Laelezwa kwa vitu. Kuna uwanja ambamo tausi, paa na mbuni hutembea pamoja na watoto. Kuna mabafu yaliyopangwa kwenye mto wenyewe, na watu wa kila daraja wakiingia na kutoka. Kuna benjile, ule ukumbi wa mviringo uliotokeza juu ya bahari, ambako mzee Sultani alikuwa akitembea huku na huku akiwaza, kichwa kikiwa kimeinama. Watu wapatao 1,000 waliishi katika jumba hilo. Salme anakumbuka kelele zao, na hasa lugha zao. Kiarabu peke yake ndicho kilichoruhusiwa mbele ya Sultani, lakini alipogeuza mgongo zilitoka lugha zote: Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kihabeshi, Kinubi, na Kiswahili. Hapana mwanahistoria aliyeweza kuusimulia mji wa bandari kwa ufupi zaidi ya hapo. Bandari ni mahali ambapo mtawala ana lugha moja na nyumba yake ina kumi.

Mlango unaostahili kusifiwa kuliko yote ni ule wa mavazi na vyombo vya mwaka. Kila mwaka marikebu za Sultani zilipakiwa mazao ya nchi zikaenda Marseille, Uingereza, Uajemi, Uhindi na China, na manahodha wake walichukua orodha ndefu za vitu vilivyotakiwa na wake, masuria na watoto. Ziliporudi, siku ya kugawa ilikuwa siku ya shangwe na ya machungu: kila mmoja akapata fungu lake la hariri, manukato, vito na vikorokoro, na kila mmoja akatupa jicho la pembeni kwenye fungu la mwenziwe. Salme huandika haya kwa ucheshi na bila ya aibu. Anajua jina la kila kitambaa. Anajua pia kwamba manukato ya Mashariki yalithaminiwa kuliko ya Ulaya, na kwamba saa na vitu vya kuchezea vya Kizungu vilipendwa kwa juma moja vikasahauliwa. Msomaji wa haraka ataona hapa upuuzi wa wanawake wa ndani. Msomaji mtulivu ataona mzunguko mzima wa biashara ya Bahari ya Hindi ukipita katika chumba kimoja cha wanawake. Karafuu ilitoka, hariri ikaingia. Jambo moja tu halikuonekana katika mzunguko huo, nalo ni mkono ulioichuma karafuu. Hilo litarudi mbele.

Salme hakuandika ili kuwapendeza Wajerumani tu. Aliandika pia kubishana nao. Mlango wake juu ya hali ya mwanamke wa Mashariki ni mjadala, na hoja yake kubwa ni ya mali. Wazungu waliomzunguka walimhurumia kwa kuwa alizaliwa nyuma ya pazia. Yeye aliwauliza, kwa maneno ya adabu, ni nani mwenye haki ya kumhurumia mwenziwe. Katika sheria ya Kiislamu binti hurithi, ingawa fungu lake ni nusu ya fungu la kaka yake, na mali ya mke haimezwi na mali ya mumewe. Salme mwenyewe alipewa urithi wake wa baba akiwa na umri wa miaka 12 tu: shamba lenye nyumba, pamoja na fedha. Alipofariki mama akaongezewa mashamba mengine. Dada zake walikuwa na majumba, mashamba na watumishi wao wenyewe, na waliyaendesha kwa amri yao. Uingereza, kwa kulinganisha, ilingoja sheria za mwaka 1870 na 1882 ndipo mke aliyeolewa aanze kuwa na haki kamili juu ya mali yake. Hoja hii ni ya kweli, na Salme aliijua kwa uchungu kuliko msomaji wake wa Berlin alivyoweza kuhisi, maana alipofiwa na mume huko Hamburg aliwekewa wanaume wa kumsimamia yeye na watoto wake. Mwanamke aliyesimamia mashamba ya karafuu akiwa msichana aliambiwa, akiwa mtu mzima, kwamba hawezi kusimamia nyumba ya kupanga.

Picha za dada zake ndizo ushahidi wa hoja hiyo, nazo ni kurasa zilizoandikwa vizuri sana. Khole, mzuri wa sura na mpenda makuu, ambaye Salme alimpenda akamwogopa. Zamzam, mtu wa kazi, hodari wa kuendesha shamba. Shewane, mwenye kiburi, aliyependa kuzungukwa na watumwa waliopambwa kwa silaha zenye vito, na ambaye alipokaribia kufa aliwaacha huru akawaachia mapambo yao na shamba la kuishi. Wamo pia Shembua na Farshu, mabinti wa ndugu yake Khalid, waliorithi shamba zuri la baba yao lililoitwa Marseille kwa mapenzi yake kwa Wafaransa. Kila mmoja ana tabia yake. Hakuna aliyefanywa malaika, na hakuna aliyefanywa kichekesho. Fasihi ya Ulaya ya karne ile iliyojaa wanawake wa Mashariki waliolala juu ya mito hakuwa na hata mmoja wa namna hii, mwenye hesabu kichwani na ugomvi wa mipaka na jirani.

Wanawake hawa walitumia mali yao kwa siasa. Mwaka 1859 Barghash alipotaka kumpindua kaka yake Majid, Khole alikuwa moyo wa fitina ile, na Salme, msichana wa miaka 15, alikuwa karani wake. Alikuwa amejifundisha kuandika kwa siri, kwa kunakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa wasichana walifundishwa kusoma tu. Matumizi ya kwanza makubwa ya ujuzi huo yalikuwa barua za uasi. Shamba la Marseille likawa ngome, na lilipopigwa kwa msaada wa Waingereza likawa magofu. Barghash alitoka nyumbani mwake akiwa amevaa nguo za kike katikati ya dada zake. Alishindwa, akapelekwa Bombay. Mlango huu waenda kasi kuliko yote mingine, na waonyesha kile ambacho Salme angeweza kufanya kama angelikuwa mtunzi wa riwaya. Lakini yafaa kuona pia kwamba katika vita vilevile walikufa watumwa wengi, waliotumwa na mabwana na mabibi zao kupigania jambo lisilowahusu. Vifo vyao vimetajwa. Havikuombolezwa kama lilivyoombolezwa shamba.

Hapa ndipo uhakiki hauna budi kugusa kidonda cha kitabu. Salme asimulia kwa huruma nyingi jinsi mama yake alivyokuja Unguja. Jilfidan alikuwa mtoto wa miaka saba au minane vita vilipoingia kwao. Wazazi wake wakauawa, naye akachukuliwa pamoja na ndugu zake, wakatenganishwa njiani. Aliingia mikononi mwa Sultani akiwa bado mdogo hata jino lake la kwanza liling'oka katika nyumba ya Mtoni. Alilelewa pamoja na mabinti wa Sultani wa rika lake, akafundishwa kushona, akawa suria, akazaa. Ni mojawapo ya kurasa za kuumiza moyo katika maandishi yoyote ya pwani hii. Mtoto aliyenyang'anywa mama amekuwa mama wa mwandishi. Na mwandishi, aliyeishi miaka mingi mbali na kila aliyempenda, amwandikia mama yake wasifu kwa upole ambao hakumpa mtu mwingine yeyote.

Halafu, milango mingi baadaye, waja mlango wa utumwa, na kalamu yabadilika mkononi. Aliyejua jina la kila kitambaa sasa asema "weusi" na kuendelea. Waliokuwa katika kurasa za nyuma watu wa kupita, wenye kubeba, kuimba na kukimbia, sasa wamekuwa jamii moja yenye tabia moja: ni wavivu, ni watoto, wahitaji mkono wa bwana. Asimulia jinsi watumwa wa Wahindi raia wa Uingereza walivyoachwa huru, na katika masimulizi yake aliyehasirika ni mwenye shamba, na mji ulijaa wezi na wazururaji. Asema utumwa wa Mashariki usifananishwe na ule wa Amerika. Awakumbusha Wazungu kuwa baadhi yao waliokaa Unguja walijua kutumia watumwa bila ya kuona haya, na kwamba nchi zao zina maskini wafao kwa baridi huku wakiwahurumia watumwa wa mbali.

Neno la mwisho hilo lina ukweli, na mhakiki mwadilifu hataliruka. Huruma ya Ulaya kwa watumwa wa Afrika Mashariki iliandamana na manowari na mikataba, na haikuwa bure. Hata hivyo hoja nzuri iliyotumiwa kufunika kosa haisafishi kosa. Karafuu huchumwa kwa mkono, kikonyo kwa kikonyo, kabla ua halijafunguka, na huanikwa juani siku nyingi, mavuno hayangoji. Utajiri wote wa Unguja wa enzi ya Said bin Sultan ulitegemea kwamba wapo maelfu ya watu wasioweza kusema "leo hapana". Watu hao waliletwa kutoka bara, wengi kwa njia ya Kilwa, na wengi wao walikuwa watoto waliotwaliwa vitani, kama Jilfidan alivyotwaliwa. Kisa ni kilekile. Tofauti ni mlima walikotoka, rangi ya ngozi, na mahali walipopelekwa: huyu ndani, yule shambani. Salme anavyo vipande vyote viwili katika kitabu kimoja, amevishika kimoja kwa kila mkono, na hakuvileta pamoja. Kumlaumu kwa kuwa mtu wa zama zake ni jambo jepesi na halina faida. Lawama ya sanaa ni nyingine: kwamba aliyeona kwa jicho kali hivi aliamua, katika mlango mmoja, kufumba.

Ushahidi kwamba alifumba, na si kwamba hakuona, umo katika mlango wa safari za mashambani. Mabibi wa kasri wapanda punda weupe wa Maskati, waliopambwa matandiko. Pembeni mwa kila punda mtumwa akimbia, amshikilia bibi mwavuli. Salme ameona mbio hizo. Ameandika kwamba walikimbia. Sentensi inayofuata yaenda kwenye miti na hewa njema ya shamba, na yule mkimbiaji amebaki barabarani mpaka leo, mwavuli mkononi. Mhakiki mmoja aweza kusema kwamba hapa ndipo uongo wa kitabu ulipo. Mwingine aweza kusema, na labda kwa haki zaidi, kwamba hapa ndipo ukweli wake ulipo, kwa kuwa mwandishi mwongo angelimwondoa mkimbiaji kabisa.

Majina ya nyumba nayo yasema zaidi ya mwenye nyumba. Salme alipokuwa na miaka kama saba alihamia na mama yake katika jumba la mjini la kaka yake Majid, na jumba hilo laitwa kitabuni Bet il Watoro. Msomaji wa Kijerumani alilipita jina hilo kama alivyopita majina yote ya kigeni, kwa kuwa kwake ni sauti tu. Msomaji wa Kiswahili hawezi. Nusu ya jina ni Kiarabu na nusu ni Kiswahili, na nusu ya Kiswahili ndiyo yenye kisa: watoro ni watu waliokimbia mabwana zao. Mtoto wa mfalme alikulia katika nyumba yenye jina la wale ambao mlango wa utumwa ungetaka msomaji aamini kwamba hawakuwa na sababu ya kukimbia. Na mwaka 1866 yeye mwenyewe akawa mtoro. Alitoka usiku, akapanda chombo cha wageni, akaacha mashamba yake, jina lake na dini yake, kwa kuwa kukaa kungemletea kifo au aibu. Neno la Kiswahili kwa alilolifanya ni lilelile moja, kwa binti wa Sultani na kwa mchuma karafuu. Kijerumani kilimpa njia ya kutolitumia.

Kwa nini aliandika namna ile? Jibu limo katika milango ya mwisho. Dibaji yasema kitabu kilianzwa kwa ajili ya watoto wake, ili wajue mama yao alitoka wapi. Hapana sababu ya kutosadiki. Lakini kati ya kuanzwa na kuchapishwa kitabu kilipata kazi ya pili: kilikuwa hati ya madai. Mwaka 1875 Barghash, sasa Sultani, alizuru London, na Salme akaenda huko kutaka kuonana naye. Sir Bartle Frere alimzuia kwa ahadi ya kuwasomesha watoto wake. Asiende kwa kaka yake, nao watasaidiwa. Alikubali, na ahadi haikutimizwa. Mwaka 1885 Wajerumani nao walimkumbuka walipohitaji kisingizio. Manowari zao zilifika Unguja mwezi wa Agosti kumlazimisha Barghash akubali ulinzi wao barani, na Salme alikuwamo katika msafara, raia wa Kijerumani mwenye madai ya urithi. Barghash alipokubali kuhusu bara, madai ya dada yake yalipoteza thamani machoni pa Berlin. Kaka hakumpokea. Kwa sheria yake aliyetoka katika Uislamu hana urithi, na kwa moyo wake hakuwa amesamehe.

Kitabu kilitoka mwaka uliofuata. Mwenye kujua hayo huona kwa nini mali imehesabiwa kwa uangalifu ule, na kwa nini mapenzi yamefupishwa. Mimba aliyotoroka nayo haikutajwa. Mwana aliyezaliwa Aden na kufa kabla ya kufika Ujerumani hakutajwa. Mdai mbele ya baraza huvaa nguo zake safi. Mlango wa utumwa nao wapata maana nyingine: mwenye kudai mashamba hawezi kusema kwamba mashamba yalilimwa kwa dhuluma. Haya si udhuru. Ni maelezo ya jinsi haja ya mwandishi inavyoweza kuingia katika sentensi yake na kuikata katikati.

Kwamba aliweza kuandika vingine yathibitishwa na maandishi yake ya pili, zile barua ndefu kwa rafiki wa nyumbani ambazo hakuzichapisha maishani mwake. Alikufa Jena mwaka 1924, na barua zilingoja mpaka mwaka 1993 kutokea kwa Kiingereza, kisha kwa Kijerumani chenyewe. Humo hakuna baraza la kuvutia. Kuna baridi, kuna jiko asilojua kuliwasha, kuna majirani waliokuja kumtazama kama mnyama wa maonyesho, kuna mjane anayeuza kidogo kidogo alichobakiwa nacho. Kama kitabu, barua ni dhaifu. Zarudia mambo, zazunguka. Kama sauti ya mtu, zashinda. Aliyekuwa na mashamba sasa ajua kazi ya mikono ni nini, na anapomweleza rafiki yake uchovu wa siku, msomaji huanza kungoja amkumbuke yule mkimbiaji wa mwavuli. Hamkumbuki. Lakini mara moja moja yupo karibu sana.

Utajiri wa kasri za Unguja haukubaki na msimulizi mmoja. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji aliyetoka Fumba katika ufukara, akaingia mjini kuuza vyungu, akapanda kwa sauti yake mpaka santuri za Bombay mwaka 1928. Katika wasifu huo mali ni kitu cha kuchumwa, na kila hatua ya kukichuma yahesabiwa. Adam Shafi, katika Kasri ya Mwinyi Fuad iliyotoka mwaka 1978, aliligeuza jumba nje ndani: humo anayejaza ukurasa ni Kijakazi, mtumishi mkongwe, na utii wake usio na kipimo ndio fumbo la riwaya. Yamkini riwaya hiyo imezidisha chuki yake kwa mwenye kasri, hata Fuad akawa mbaya kupita kiasi cha kuaminika. Salme asingewatendea hivyo hata maadui zake. Lakini Adam Shafi alimpa mtumishi jina, mgongo unaouma, na saa zake za alfajiri. Vitabu hivi vitatu vikisomwa kwa kufuatana, kila kimoja chajaza tundu la mwenzake, na hakuna kinachomfuta mwingine. Shule zingefanya vizuri kuvisoma hivyo, badala ya kumwacha Salme kwa wenye kuuza kadi za picha kwa watalii.

Kazi ngumu itamkuta mtafsiri yeyote wa kumleta Salme katika Kiswahili. Mambo aliyoyaeleza yalitendeka kwa sehemu kubwa katika Kiswahili: amri za jikoni, maneno ya yaya, kelele za bandarini. Mtafsiri kwa hiyo huyarudisha maneno nyumbani kwao. Akifika kwenye mlango wa utumwa atalazimika kuchagua. Neno moja la Kijerumani lililokuwa likimaanisha mtu mweusi yeyote, akilitafsiri "watumwa" ataficha rangi, na akilitafsiri "weusi" ataficha minyororo. Na Kiswahili kina majina yake mengi, mtumwa, mjakazi, mtwana, mzalia, suria, mateka, kila moja na daraja yake. Lugha ya Salme ya Ujerumani haikuwa na madaraja hayo. Utoto wake ulikuwa nayo yote.

Katika mlango wa mwisho wa kitabu, wa mwaka 1885, Salme arudi Mtoni baada ya miaka 19. Jumba limekuwa gofu; ngazi zimeporomoka, majani yameota mabafuni, na mahali pengine hapatambuliki. Awatembelea mawe kama mtu atembeleavyo wagonjwa. Mjini, asema, watu walimkusanyikia kila alipopita, Waarabu, Wahindi na weusi, wakimsalimu na kumtaka arudi kukaa kwao, hata wakazuiwa na wakubwa wasimfuate. Alifurahi, na furaha hiyo ni ya kweli katika kila neno lake. Utumwa Unguja ulikuwa bado na miaka 12 ya uhai mbele yake, hadi amri ya mwaka 1897, na masuria walingoja mpaka mwaka 1909. Katika umati ule wa barabarani wamo basi, pasi na shaka, watu waliochuma karafuu ya mashamba aliyokuja kuyadai. Walimwita bibi. Aliandika neno lao kama walivyolitamka, kwa Kiswahili.